Mfano wa hema ya kukutania haukai sawa: kosa ni la vipimo au la ujenzi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya Jumapili huko Mbeya. Anatengeneza na wanafunzi wake mfano wa maskani ya Musa, yaani hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, kwa plaiwudi, kila dhiraa moja ikiwa sentimita 2. Amefuata Kutoka sura ya 26 na 27 mstari kwa mstari, lakini chumba kimetoka na upana wa dhiraa 12 wakati vitabu vyote vinasema 10, mapazia hayafiki chini, nguzo za ua zimezidi nne, na kuta haziachi kuanguka. Anauliza kama vipimo vya Biblia vina makosa. Halafu anaongeza: kila mhubiri ana maana yake ya rangi na ya madini, ashike ipi?

Mwalimu, vipimo vinakaa. Upana uliozidi na mapazia mafupi vyote vimetoka kwenye pembe mbili za nyuma; kuta na nguzo za ua zina sababu zake, nitazifikia. Ila kwanza ujue unasoma maandishi ya namna gani. Kutoka 25 hadi 31 ni maagizo, na 35 hadi 40 ni taarifa ya kazi ilivyofanyika chini ya Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani. Maagizo yale hayana mchoro. Yanampa mfumaji urefu wa kufuma, yanampa seremala idadi ya mbao, yanamwambia mfua dhahabu apime talanta ngapi. Yaliyobaki yanaachwa kwa mfano ambao Musa alionyeshwa mlimani. Ndiyo maana hutakuta popote unene wa mbao, umbo la paa, urefu wa kinara cha taa wala ukubwa wa birika. Mtu anayetengeneza mfano lazima ajaze nafasi hizo, na anapozijaza bila kufikiri ndipo hesabu zinapogoma.

Kuhusu dhiraa, usisumbuke. Ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45, ingawa Wamisri walikuwa na dhiraa ya kifalme ya sentimita 52 na nusu. Kwenye mfano uwiano ndio unaotakiwa. Kwa dhiraa ya sentimita 45, maskani yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 13.5, upana mita 4.5 na kimo mita 4.5. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia hivyo, maana picha za vitabuni zimewazoesha kitu kikubwa kama kanisa kuu.

Sasa twende kwenye pembe. Mbao ni 48: kusini 20, kaskazini 20, magharibi 6, na mbili za pembeni. Mashariki hakuna ubao, ni mlango. Kila ubao una kimo cha dhiraa 10 na upana wa dhiraa 1 na nusu. Ishirini mara moja na nusu ni 30, huo ndio urefu wa hema. Nyuma, sita mara moja na nusu ni 9. Wewe umechukua zile mbili za pembe ukazipanga kwenye mstari mmoja na zile sita, ukapata mbao nane, yaani dhiraa 12. Lakini Kutoka 26:24 inasema mbao za pembe ziwe maradufu kuanzia chini na ziunganishwe juu kwenye pete. Hazikai kwenye mstari. Zinapishana na zenzake ili kufunga kona. Ndani, kila moja huonekana nusu dhiraa tu, na 9 ikawa 10.

Kwenye mfano wako fanya hivi. Mbao sita za nyuma zina jumla ya sentimita 18. Zisimamishe katikati ya kuta mbili zilizoachana sentimita 20, uso wao wa nje ukiwa sawa na mwisho wa kuta za ubavuni. Kila upande patabaki mwanya wa sentimita 1. Chukua ubao wa pembe wenye sentimita 3 uubandike kwa nje: milimita 3 zifunike unene wa ukuta wa ubavuni, sentimita 1 izibe mwanya, na sentimita 1.7 zilizobaki zilale juu ya mgongo wa ubao wa sita. Inatoka kamili, kona inakuwa maradufu kama maandishi yanavyotaka, na ukuta unapata uti wa mgongo. Kwenye ncha ya juu zungushia waya mwembamba uwe ile pete.

Nimesema milimita 3 kwa makusudi. Unene wa mbao ni swali lililowagawa watu tangu zamani. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alisema ni vidole vinne. Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, walibishana: mmoja akasema dhiraa nzima kuanzia chini hadi juu, mwingine akasema dhiraa moja chini ikichongoka hadi unene wa kidole juu. Dhiraa nzima inapendeza kwenye hesabu ya kona, maana mbao nane zinatoa 12 kwa nje na 10 kwa ndani bila kubaki kitu. Lakini jaribu kuubeba ubao huo. Mita 4.5 kwa sentimita 67 kwa sentimita 45 za mti mgumu ni karibu tani moja. Mbao 48 ni tani 48 hivi. Hesabu 7 inasema Wamerari, ukoo wa Walawi ambao ndio waliokabidhiwa mbao, walipewa magari manne ya kukokotwa na ng'ombe wanane. Haiwezekani. Hata kwa vidole vinne, ubao mmoja unakaribia kilo 150, na zote pamoja zaidi ya tani 7.

Kwa sababu hiyo wasomi wengi tangu A. R. S. Kennedy, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, wanaona "ubao" ule ulikuwa fremu: miimo miwili iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, na katikati wazi. Naungana nao. Fremu ya namna hiyo haizidi kilo 60 kwa makadirio, na ina faida ya pili ambayo wahubiri wengi hawaifikirii: ukiwa ndani ya chumba, unayaona mapazia yenye makerubi kupitia fremu hizo, pande zote tatu. Ukuta ukiwa wa mbao zisizo na nafasi, kazi yote ile ya ufumaji imefichwa nyuma ya mbao na inaonekana darini tu. Kuna sababu ya tatu, ya kiseremala. Mbao zilikuwa za mshita, mti wa jamii ya migunga. Aina inayoota jangwani Sinai ni ileile mgunga wenye mwavuli tunaouona kwenye mbuga zetu. Anayeujua mti huo anajua kwamba haumpi mtu ubao wa mita 4.5 ulionyooka wenye upana wa sentimita 67. Vipande vyembamba unavipata, na vikiunganishwa vizuri vinadumu, kwa sababu mti wenyewe ni mgumu na wadudu hawaupendi.

Kama plaiwudi umeshaikata, usiitupe. Milimita 3 kwa kipimo chako ni karibu sentimita 7, yaani vidole vinne vya Yosefo. Ukiwa na msumeno mwembamba, toboa dirisha kubwa katikati ya kila ubao, uache ukingo wa milimita 5 na kikingamo kimoja katikati.

Mapazia yako hayafiki chini kwa sababu ya upana uleule uliozidi. Mapazia ya ndani, ya kitani chenye nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu, yalikuwa 10, kila moja dhiraa 28 kwa 4. Yalishonwa matano matano, kisha mafungu mawili yakaunganishwa kwa matanzi 50 kila upande na vifungo 50 vya dhahabu. Jumla ni kitambaa cha dhiraa 28 kwa 40. Juu yake palikuwa na mapazia 11 ya singa za mbuzi, kila moja 30 kwa 4, yaliyoshonwa fungu la matano na fungu la sita, na vifungo 50 vya shaba. Sasa pitisha kitambaa cha dhiraa 28 juu ya hema yenye upana wa 10: zinabaki 18, tisa kila upande. Ukuta una kimo cha 10. Kwa hiyo kitani kinaishia dhiraa moja juu ya ardhi, sentimita 45, na ndivyo kilivyotakiwa kuwa. Kitambaa cha thamani hakigusi mchanga wala umande. Singa za mbuzi, dhiraa 30, zinashuka 10 kila upande na kufika chini kabisa. Kutoka 26:13 inaitaja ile dhiraa moja ya ziada huku na huku. Ukiweka upana wa 12, kitani kinapungua dhiraa mbili na singa zinapungua moja, na hilo ndilo uliloliona.

Urefu nao una jambo zuri la kuwaonyesha vijana. Kitani cha dhiraa 40 kinaanzia ukingo wa mbele, kinapita dhiraa 30 za paa na kuteremka 10 za ukuta wa nyuma. Kiungo cha vifungo vya dhahabu, kilicho katikati, kinaangukia dhiraa ya 20 kutoka mlangoni. Kutoka 26:33 inasema pazia la kutenga Patakatifu na Patakatifu pa Patakatifu litungikwe chini ya vifungo hivyo. Hakuna mahali Biblia inaposema moja kwa moja kwamba chumba cha mbele kilikuwa na dhiraa 20 na cha ndani 10. Vifungo ndivyo vinavyosema. Na kwa kuwa upana ni 10 na kimo ni 10, chumba cha ndani kinakuwa mchemraba kamili. Hekalu la Sulemani lilishika uwiano huohuo kwa kuzidisha mara mbili: dhiraa 60 kwa 20, na chumba cha ndani 20 kwa 20 kwa 20.

Singa za mbuzi zina dhiraa 44. Pazia la sita linakunjwa maradufu mbele, likipunguza mbili, zinabaki 42, na zile mbili za ziada, yaani nusu ya pazia, zinaning'inia nyuma kama 26:12 inavyoeleza. Matokeo yake ni kwamba kiungo cha singa kinakaa dhiraa mbili nyuma ya kiungo cha kitani. Fundi yeyote wa kuezeka anajua kwa nini hupangi maungio mawili mahali pamoja: maji yakipenya la juu yanakutana na kitambaa kizima chini. Singa zenyewe zikilowa hufura na kujibana, jambo ambalo wafugaji wa jangwani wanaofuma mahema ya namna hiyo hadi leo wanalitegemea.

Juu ya singa kulikuwa na vifuniko viwili zaidi ambavyo havikupewa vipimo: ngozi za kondoo dume zilizotiwa rangi nyekundu, na ngozi ambazo Biblia yetu ya Union inaziita za pomboo. Wengine wanadhani ni nguva, ambaye yumo Bahari ya Shamu kama alivyo kwenye pwani yetu. Wengine wanasema ni ngozi iliyotengenezwa kwa ustadi maalumu. Kwa mfano wako kipande chochote cha ngozi kuukuu kinatosha. Paa liwe bapa. Katika karne ya 19 msanifu James Fergusson alipendekeza paa la mgongo, akihofia maji kutuama, lakini maagizo hayataji mwamba, yaani mti wa kilele cha paa, wala nguzo ya kuushika. Yanataja vigingi na kamba. Vuta vitambaa kwa kamba kutoka pande mbili na havitabonyea.

Kuhusu kuta kuanguka: umesahau fedha. Chini ya kila ubao palikuwa na vikalio viwili vya fedha, vile ambavyo Biblia ya Union inaviita matako na vijana wako watacheka ukiwasomea. Kila ubao ulikuwa na ndimi mbili zilizoingia humo. Kikalio kimoja kilikuwa talanta moja. Talanta ni shekeli 3,000, na kwa mawe ya mizani yaliyochimbuliwa Yuda, yenye gramu 11 na kitu kwa shekeli, hiyo ni kama kilo 34. Basi chini ya kila ubao kuna kilo 68 za fedha. Jangwani huchimbi msingi, unaubeba. Kwenye mfano, bandika nati mbili za chuma chini ya kila ubao na uchonge ndimi ziingie kwenye matundu yake. Kisha pitisha mataruma, yaani zile fito za kulala: matano kila ukuta, jumla 15. Moja la katikati linakwenda kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa desturi mengine manne huwekwa mawili juu na mawili chini, kila moja nusu ya urefu. Usipoweka lile refu, ukuta utasimama lakini utapinda kama nyoka.

Hapa ningependa ukae na wanafunzi kwa muda, maana hesabu ya fedha ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kitabu kizima. Kutoka 38:25-28 inasema wanaume 603,550 walihesabiwa, kila mmoja akatoa nusu shekeli. Gawanya kwa mbili: shekeli 301,775. Gawanya kwa 3,000: talanta 100, na shekeli 1,775 juu. Vikalio vya mbao ni 96, vya nguzo nne za pazia la ndani ni 4. Jumla 100, talanta moja kwa kila kikalio. Zile shekeli 1,775 zikafanya kulabu na vitanzi vya nguzo. Hakikubaki kitu. Kila kikalio kimetokana na watu 6,000, na sheria ya 30:15 inasema tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Dhahabu, talanta 29 na shekeli 730, kama tani moja, ilitolewa kwa hiari kwa kadiri ya moyo wa mtu, na watu walileta mpaka Musa akapiga marufuku wasilete tena. Lakini kinachoishika nyumba isianguke hakikuachwa kwa hiari ya matajiri. Kila mtu amechangia sawa na jirani yake.

Nguzo za ua ni kosa la kawaida sana. Ua una dhiraa 100 kwa 50, mzunguko 300. Nguzo ni 20 kusini, 20 kaskazini, 10 magharibi, na mashariki 3, 4, 3. Jumla 60. Mzunguko 300 kwa nguzo 60 ni nafasi ya dhiraa 5 kamili. Wewe umehesabu kila upande peke yake, ukaweka nguzo kwenye ncha zote mbili, ndipo ukapata 21, 21, 11 na 11, yaani 64. Nguzo ya kona ihesabiwe mara moja. Anza kona moja, tembea kuzunguka, simamisha nguzo kila baada ya sentimita 10, na ya 60 itakuwa sentimita 10 kabla ya ile ya kwanza. Lango la dhiraa 20 litakaa katikati ya vitambaa viwili vya dhiraa 15. Vikalio hapa ni vya shaba, kulabu za fedha. Kitambaa cha ua kina kimo cha dhiraa 5 tu, kama mita 2.25: mtu aliyesimama nje haoni shughuli za uani, lakini hema yenye kimo mara mbili inaonekana kutoka kila upande wa kambi.

Vyombo nitavipitia haraka. Sanduku dhiraa 2.5 kwa 1.5 kwa 1.5, kwako sentimita 5 kwa 3 kwa 3; miti yake haitolewi kamwe kwenye pete. Meza 2 kwa 1, kimo 1.5, upande wa kaskazini, na mikate 12 katika safu mbili. Kinara kusini, kimefuliwa kutoka talanta moja ya dhahabu, kipande kimoja kisichoungwa, chenye vikombe 22 vya mfano wa maua ya mlozi: vitatu kwa kila tawi kati ya sita, na vinne kwenye shina. Madhabahu ya uvumba 1 kwa 1, kimo 2, katikati mbele ya pazia, si nyuma yake. Uani, kati ya lango na hema, madhabahu ya kuteketeza na birika, birika likiwa karibu zaidi na mlango wa hema.

Kuhusu madhabahu ya kuteketeza, yenye dhiraa 5 kwa 5 na kimo 3, wanafunzi huuliza: mbao zilizofunikwa shaba haziungui? Zingeungua kama moto ungewashwa kwenye sanduku tupu. Kutoka 27:8 inasema iwe na uvungu, na 20:24 inaagiza madhabahu ya udongo. Maelezo ya zamani, na yenye akili, ni kwamba fremu hiyo ilijazwa udongo au mawe kila kambi, moto ukakaa juu ya udongo, na wakati wa kuhama ukamwagwa. Jaza mchanga kwenye ya kwako.

Sasa maana. Ushauri wangu ni kwamba usianze na rangi, anza na mpangilio. Tembea kutoka lango kwenda ndani na uangalie vitu vinavyobadilika. Vikalio vya nguzo ni shaba uani na mlangoni pa hema, kisha fedha. Vyombo ni shaba nje, dhahabu ndani. Ua umezungushiwa kitani cheupe kisicho na pambo. Pazia la lango na la mlango vina rangi tatu kwa kazi ya taraza. Mapazia ya ndani na lile la kutenga vina makerubi yaliyofumwa na fundi stadi. Watu nao wanapungua: Mwisraeli yeyote aliyeleta sadaka anaingia uani, makuhani wanaingia chumba cha kwanza kila siku, kuhani mkuu peke yake anaingia cha ndani, siku moja kwa mwaka, kwa taratibu za Walawi 16. Maana ya jengo imo katika ngazi hizo: Mungu yuko katikati ya kambi kabisa, na bado hakaribiwi ovyo. Mlango unaoelekea mashariki na makerubi njiani vinamrudisha msomaji Edeni, ambako mwanadamu alitolewa na makerubi wakawekwa upande wa mashariki. Tena maagizo ya sura ya 25 hadi 31 yamegawanywa kwa kauli saba za Bwana kwa Musa, na ya saba ni juu ya Sabato. Wayahudi waliiona picha ya uumbaji humo muda mrefu kabla yetu.

Rangi, maandishi hayazipi tafsiri hata moja. Anayesema samawi ni mbinguni na nyekundu ni damu anahubiri, na mahubiri yanaweza kuwa mema, lakini asiseme Kutoka ndivyo inavyosema. Tunachokijua ni bei. Samawi na zambarau zilipatikana kwa konokono wa bahari ya Mediterania, nyekundu kwa wadudu wadogo wa mialoni, na ilihitajika mikono mingi kupata rangi ya kulowesha kitambaa kimoja. Ndiyo maana zinaongezeka kadiri unavyoingia ndani. Ila usiiache Hesabu 15:38: kila Mwisraeli aliagizwa atie uzi mmoja wa samawi kwenye vishada vya nguo yake. Mchungaji wa mbuzi aliyekaa pembezoni mwa kambi alivaa uzi wa rangi ileile iliyokuwa kwenye pazia asiloruhusiwa kuliona.

Kwa madini, fedha kuwa alama ya ukombozi ina mzizi ndani ya maandishi, maana nusu shekeli inaitwa fedha ya upatanisho. Shaba kuwa hukumu haina mzizi huo. Shaba ilikaa nje kwa kuwa inastahimili moto na ni rahisi kuliko dhahabu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 8 na ya 9, unaisoma hema yote kama kivuli cha mambo ya mbinguni, na ukiwafundisha Wakristo huwezi kuuruka. Lakini angalia kwamba mwandishi wake anasimama kwenye vyumba viwili, pazia na damu, kisha anasema hana nafasi ya kueleza kimoja kimoja. Ni kiasi kizuri cha kuiga.

Na ile kamba ya mguuni mwa kuhani mkuu, ya kumvuta akifa ndani, iondoe kwenye mfano wako kama umeiweka. Haimo katika Torati, haimo kwa Yosefo, haimo katika Talmudi. Ilijitokeza katika maandishi ya Kiyahudi ya Zama za Kati.

Kama mmoja wa vijana wako wakubwa atauliza iwapo hema hii iliwahi kuwapo, mwambie wataalamu hawajapatana. Julius Wellhausen, msomi Mjerumani wa Biblia, mwaka 1878, alishikilia kwamba ni hekalu la Yerusalemu lililorudishwa nyuma jangwani na makuhani wa baadaye. Wanaompinga huonyesha kambi ya Farao Ramesesi wa Pili iliyochongwa Abu Simbel kukumbuka vita vya Kadeshi: ua wa mstatili, na ndani yake hema ya mfalme yenye chumba kirefu na cha ndani cha mraba, jina la mfalme likilindwa na ndege wenye mabawa pande mbili. Kaburi la Farao Tutankhamun nalo lilikuwa na sanduku la kubebwa kwa miti na vyumba vya mbao zilizofunikwa dhahabu, vilivyounganishwa kwa ndimi. Ufundi wa namna hiyo ulikuwapo Misri. Huo hauna ubishi.

Mfano ukikamilika, usiuache mezani kama sanamu. Wagawe wanafunzi makundi manne, makuhani na koo tatu za Walawi, na uwafanye wauhamishe. Haruni na wanawe waanze: washushe pazia, walifunike sanduku kwalo, kisha ngozi, kisha kitambaa cha samawi, na wafunike vyombo vingine kama Hesabu 4 inavyopanga. Wagershoni wakusanye mapazia kwenye magari mawili, Wamerari mbao, nguzo na vikalio kwenye magari manne. Koo hizo mbili zitangulie, Hesabu 10:17. Wakohathi hawana gari. Wanabeba begani, na wanaondoka nyuma yao, baada ya kundi la Reubeni, 10:21, ili wakifika wakute kuta zimesimama. Kusimamisha ni kwa mpangilio wa Kutoka 40: vikalio, mbao, mataruma, nguzo, hema, kifuniko, ndipo sanduku liingie na pazia litungikwe mbele yake. Kundi litakaloanza na mapazia kabla ya mataruma litaona lenyewe kuta zikilala.